Kutafuta Darasa la Chuo kwa Simu: Anza na Wiki ya Mwanafunzi

Wiki ya kwanza ya muhula, ratiba ya chuo huwafikia wanafunzi wengi wa Tanzania ikiwa faili la PDF ambalo CR, yaani mwakilishi wa darasa, amelirusha kwenye grupu la WhatsApp. Kila mstari una namba ya kozi, siku, saa na jina fupi la ukumbi. Mwanafunzi analivuta kwa vidole viwili mpaka herufi zisomeke, anawinda kozi zake tano au sita moja baada ya nyingine, ananakili kwenye karatasi. Siku mbili baadaye toleo jipya linatoka. Hakuna anayeweza kusema kilichobadilika ni nini, kwa hiyo kazi yote inaanza upya.

Chuo kinapoamua kutengeneza programu ya simu ili kuondoa adha hii, kosa la kwanza karibu kila mara ni lilelile. Inachukuliwa fomu ya kompyuta ya ofisi ya msajili, yenye visanduku vya mwaka, muhula, ndaki, idara, ngazi na namba ya kozi, kisha inabanwa mpaka iingie kwenye skrini ndogo. Fomu hiyo iliundwa kwa ajili ya ofisa anayejua chuo kimegawanywaje. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hajui kama takwimu inafundishwa na idara ya hisabati au na shule ya biashara. Kumlazimisha achague idara kwanza ni kumtaka ajue jibu kabla ya kuuliza.

Hata neno lenyewe linateleza. Muulize mtu Dar es Salaam anasoma kozi gani, huenda akakutajia shahada yake nzima: uhasibu, ualimu, sheria. Dakika ileile atakwambia ana kozi sita muhula huu. Nairobi vile vidogo huitwa yuniti, na kozi hubaki kuwa ile kubwa. Kisanduku kilichoandikwa "Tafuta kozi" kitapokea "BCom" kutoka kwa mmoja na "CS 174" kutoka kwa mwingine, na vyote viwili lazima vipate jibu. Anayeandika jina la shahada aonyeshwe orodha ya kozi za shahada hiyo kwa mwaka na muhula. Anayeandika namba apelekwe moja kwa moja kwenye kipindi.

Maswali tofauti ndani ya kisanduku kimoja

Mifumo mingi ya kutafuta madarasa imezaliwa Marekani, na imebeba maisha ya chuo cha huko. Mwanafunzi wa huko hukusanya krediti, mara nyingi 120 kwa shahada ya kwanza, na kozi moja inaweza kuwa na makundi kumi ya saa tofauti na walimu tofauti. Swali lake ni kuchagua: kundi lipi lina nafasi, na kama limejaa, foleni ya kusubiri ina watu wangapi. Kwenye vyuo vyetu sehemu kubwa ya kozi imekwisha kupangwa na programu ya masomo. Hapa swali la kila siku ni pungufu ya hilo na lina haraka zaidi: naingia wapi, na saa ngapi? Ukileta muundo wa Marekani ulivyo, unaweka mbele kazi ya kuchagua ambayo wengi hawana, na kuzika kabisa jibu wanalolihitaji kila asubuhi.

Kuna mwanafunzi mwenye keri, na huyu ndiye anayesahaulika kuliko wote. Yuko mwaka wa pili, lakini anarudia kozi moja ya mwaka wa kwanza. Wapangaji wa ratiba hujitahidi kozi za programu moja ya masomo na mwaka mmoja zisigongane. Kati ya mwaka na mwaka mara nyingi hakuna kinga hiyo. Yeye anahitaji kujua katika makundi yote ya semina ya kozi ile ni lipi linaloingia kwenye matundu ya wiki yake, na kama halipo, ajue leo, akaonane na mratibu wa kozi kabla dirisha la usajili halijafungwa. Programu inayomruhusu asajili kisha ikamwonyesha mgongano wiki ya tatu imemdhuru.

Anayechagua kozi za hiari ana hesabu nyingine. Kwa mfumo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, kuhesabu lekcha, semina, mazoezi na kujisomea, na shahada ya miaka mitatu inahitaji krediti zisizopungua 360, yaani wastani wa 120 kwa mwaka. Kwa hiyo kila kozi ya hiari ionyeshwe pamoja na jumla: "Una krediti 48. Ukiongeza hii utakuwa na 60." Akiachiwa ajumlishe mwenyewe, kosa linaweza kujificha hadi mwaka wa mwisho, pale majina ya wahitimu yanapopitiwa.

Mfanyakazi anayesoma jioni anataka kitu kimoja tu, saa. Mwenye kiti cha magurudumu anataka kujua ukumbi uko ghorofa ya ngapi na kama kuna njia ya mteremko. Mwanafunzi mwenye watoto anataka awe amemaliza kabla ya saa 11 jioni. Halafu yupo mwanafunzi wa Afrika Mashariki aliyeko Marekani kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi. Akiwa wa shahada ya kwanza, kwa kawaida lazima abebe angalau saa 12 za krediti kwa muhula, na katika hizo ni darasa moja tu la mtandaoni, au saa 3, linaloweza kuhesabiwa. Kwake alama inayosema darasa linafundishwa ana kwa ana, kwa mchanganyiko, au mtandaoni tupu inagusa uhalali wake wa kuishi nchini. Alama hiyo ikikaa ndani kabisa, baada ya kubonyeza mara tatu, iko siku atasajili bila kuiona.

Ukiyatazama maswali haya pamoja, yanakutana mahali pamoja: wiki ya mtu. Mwanafunzi ana saa zilizokwisha kushikwa na saa zilizo wazi, na kila darasa analoliona analipima hapo. Kwa hiyo programu iijue wiki hiyo kabla ya kuonyesha tokeo lolote. Akifungua mara ya kwanza aulizwe mambo mawili tu, programu ya masomo na mwaka, kozi zake za lazima zijipange zenyewe, naye aongeze keri au aondoe asizosoma. Ni kazi ya dakika moja, na mengine yote yanategemea hapo.

Kozi, kundi, kipindi

Programu nyingi huharibika hapa, mapema, kabla mbuni hajachora skrini hata moja. Kozi ni kile kilichomo kwenye prospektasi: namba, jina, krediti, masharti ya kuisoma. Kundi ni sehemu ya wanafunzi wanaofundishwa pamoja: lekcha ya wote, semina ya kwanza, semina ya pili, maabara ya kundi B. Kipindi ni mkutano mmoja wenye siku, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, ukumbi na wiki unazofanyika. Kozi moja ina makundi mengi, kundi moja lina vipindi vingi.

Ratiba ya PDF huvichanganya vyote kwenye mstari mmoja, na anayeihamisha kwenye hifadhidata jinsi ilivyo hurithi mchanganyiko huo. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi akitafuta kozi moja anaona mistari tisa, haelewi kwamba miwili ni lekcha ambazo lazima ahudhurie zote na saba ni semina ambazo anachagua moja. Tokeo sahihi ni kadi moja ya kozi, na ndani yake sentensi mbili: "Lekcha, zote mbili" na "Semina, chagua moja kati ya 7."

Mgongano nao hupimwa kati ya kipindi na kipindi. Viwili vinagongana ikiwa viko siku moja, vinashiriki walau wiki moja, cha kwanza kinaanza kabla cha pili hakijaisha, na cha pili kinaanza kabla cha kwanza hakijaisha. Masharti yote manne yawepo kwa pamoja. Hifadhi saa kama dakika tangu usiku wa manane, saa 4 asubuhi iwe 600, saa 6 mchana iwe 720, ulinganishaji utakuwa wa namba tupu na simu dhaifu kabisa itaufanya papo hapo. Sharti la wiki ndilo linalosahauliwa. Maabara ya wiki za witiri na semina ya wiki za shufwa zinaweza kukaa saa ileile bila kugusana, na programu isiyojua hilo itamnyima mwanafunzi nafasi aliyo nayo.

Pia kuna mgongano ambao hesabu hiyo haiuoni. Kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kipindi cha kampasi ya Mlimani kinachoisha saa 6 mchana na cha kampasi ya Kijitonyama kinachoanza saa 6 mchana havipishani hata dakika, ila hakuna mtu atakayewahi vyote viwili. Weka jedwali dogo la dakika za kutoka kampasi hadi kampasi, na ndani ya kampasi kubwa kutoka eneo hadi eneo. Onyo lake lisizuie usajili. Liseme tu: "Muda wa kuhama ni dakika 0."

Kisanduku cha kuandikia

Anayejua namba huandika haraka na kwa namna yake: CS174, cs 174, Cs-174. Ondoa nafasi na vistari, geuza herufi zote kuwa kubwa, pande zote mbili, kwenye kilichoandikwa na kwenye kilichohifadhiwa. Herufi O baada ya sehemu ya herufi isomwe kama sifuri, na herufi I isomwe kama moja. Lakini usiruhusu mfumo "kusahihisha" namba. Kwenye majina, kusamehe kosa la herufi moja kwa neno lenye herufi tano au zaidi ni jambo jema, kwa sababu mtu anayeandika "calculas" anastahili kuipata kozi yake. Kwenye namba, CS 174 na CS 175 zinatofautiana kwa alama moja tu na ni kozi mbili. Kanuni ileile inayookoa upande mmoja inapotosha upande wa pili.

Majina ya kozi zetu nyingi yako kwa Kiingereza, lakini vichwa vya watu vinafikiri kwa lugha mbili. Tengeneza orodha ya maneno pacha: hesabu na hisabati zielekee Mathematics, takwimu ielekee Statistics, uhasibu uelekee Accounting. Kwa kozi za Kiswahili zenye majina ya Kiswahili, geuza mshale: anayeandika "linguistics" aione isimu. Orodha hii haihitaji kuwa ndefu tangu mwanzo. Hifadhi maneno yaliyotafutwa bila kuleta kitu, bila jina la aliyeyatafuta, yasome kila Ijumaa kwa mwezi wa kwanza, ongeza pacha kumi au ishirini kwa wiki. Baada ya muhula mmoja utakuwa na msamiati halisi wa chuo chako, pamoja na vifupisho ambavyo hakuna ofisi iliyowahi kuviandika.

Saa ni mtego wa pekee. Kwetu saa 2 asubuhi ni 08:00 na saa 8 mchana ni 14:00, na zote ni saa za kufundisha. Mtu akiandika "8:00" peke yake huwezi kujua anasema ipi. Kanuni inayofanya kazi ni hii: kukiwa na neno "saa", "asubuhi", "mchana", "jioni" au "usiku", soma kwa saa za Kiswahili. Namba ikizidi 12 au ikianza na sifuri, soma kwa mtindo wa saa 24. Ikibaki na utata, onyesha vitufe viwili, "saa 2 asubuhi" na "saa 8 mchana", achague. Kwenye matokeo andika zote kwa pamoja, "Saa 8 mchana (14:00)", kwa sababu ratiba ya ukutani inatumia moja na mazungumzo ya darasani yanatumia nyingine. Mtu anayekosa jaribio kwa kusoma saa vibaya hakuwa mzembe.

Kwenye skrini

Simu nyingi za bei ya kawaida zina upana wa takriban pointi 360. Jedwali la wiki nzima lenye siku sita na safu ya saa yenye pointi 40 linaacha kama 53 kwa kila siku, na humo haiingii "CS 174" pamoja na jina la ukumbi kama "Yombo 4" kwa herufi zinazosomeka. Onyesha siku moja kwa wakati, ya leo kwanza, na wiki nzima iwe mstari wa juu wenye siku sita za kugusa.

Siku zenyewe haziwezi kufupishwa kwa herufi tatu kama wafanyavyo Waingereza. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano: zote zitakuwa "Jum". Tumia kile watu wanachoandika tayari kwenye meseji, J3, J4, J5, kisha Alh na Ij, na Jumamosi iwe J1. Ila lebo inayosomwa na TalkBack, kisoma skrini cha Android, iwe jina kamili, kwa sababu "je tatu" masikioni mwa asiyeona haina maana yoyote.

Kila tokeo liwe na mistari mitatu. Wa kwanza namba na jina. Wa pili siku, saa na ukumbi. Wa tatu ndio uliobeba thamani yote, nao unazungumza na mwanafunzi huyu mmoja: "Inaingia kwenye wiki yako", au "Inagongana na DS 101, J4 saa 4 asubuhi", au "Imejaa; kundi la Alhamisi lina nafasi". Usitegemee rangi peke yake. Nyekundu na kijani hufanana kwa baadhi ya watu, na juani skrini ya bei nafuu hupausha zote. Andika neno. Eneo la kugusa lisipungue pointi 48 kwa 48, maana watu hutafuta ukumbi huku wanatembea.

Vichujio, yaani vitufe vya kupunguza matokeo, viwe vichache vinavyoonekana: siku, muda, vinavyoingia kwenye wiki yangu, vyenye nafasi. Vingine vikae nyuma ya kitufe kimoja. Kitufe cha kuthibitisha kiseme idadi kabla ya kubonyezwa, "Onyesha madarasa 14", na kibadilike papo hapo mtu anapogusa chujio. Matokeo yakiwa sifuri, usiandike "Hakuna kilichopatikana" ukaishia hapo. Ondoa chujio kimoja kimoja kimyakimya, hesabu, kisha mwambie kilichofunga njia: "Ukiondoa 'asubuhi tu' yapo 6." Hili ni jambo dogo kwa mwandishi wa programu, na kwa mwanafunzi ni tofauti kati ya kuendelea na kukata tamaa. Chujio la kuficha yaliyojaa lisiwashwe lenyewe. Mwenye keri ambaye kozi yake ina kundi moja tu, na limejaa, ataamini kozi haifundishwi muhula huu.

Kuhusu ulemavu, taarifa ya ukumbi ndiyo kazi ngumu, na haifanyiki mezani. Mtu apite kila ukumbi akiwa na dodoso fupi: ghorofa, ngazi ngapi, mteremko upo, lifti ipo na inafanya kazi, choo kinafikika. Na chaguo la "nahitaji ukumbi unaofikika" libaki ndani ya simu, lisipelekwe kwenye seva kama rekodi ya mtu.

Bando, na idadi ya nafasi

Taarifa za ratiba ni nyepesi kuliko zinavyodhaniwa. Vipindi 3,000, kila kimoja baiti 200, ni kama KB 600 kabla ya kubanwa, na maandishi yenye marudio mengi kama haya hubanwa vizuri. Kwa hiyo shusha zote mara moja, zihifadhi kwenye simu, utafutaji ufanyike bila mtandao. Baadaye leta mabadiliko tu, kila toleo la ratiba likiwa na namba yake.

Nafasi zilizobaki ni habari nyingine, maana huchakaa kwa dakika. Ziombwe pale tu mtu anapofungua kundi husika, na zionyeshwe na saa yake: "Nafasi 3, ilipotazamwa saa 4:12 asubuhi." Namba isiyo na saa humfanya mtu aamini kwamba nafasi ipo na imemsubiri. Siku ya kufungua usajili usiruhusu simu zote ziulize seva kwa sekunde ileile. Kila simu isubiri muda wa bahati nasibu, kati ya sekunde 30 na 90, kabla ya kuuliza tena. Bila hivyo, seva ikizidiwa, kila simu hurudia ombi kwa pamoja, na kurudia huko ndiko kunakoiangusha kabisa.

Mwenye simu ya vitufe

Bado wapo, na wenye simu janja zilizoisha bando wako kwenye hali ileile. Menyu ya USSD, ile ya kubonyeza namba zenye nyota na alama ya reli bila intaneti, inabeba herufi 182 kwa skrini moja na kikao hukatika haraka, hivyo isijaribu kutafuta. Ijibu maswali mawili: vipindi vya leo, vipindi vya kesho. Ifungwe kwa laini ya simu iliyosajiliwa na mwanafunzi mwenyewe. Namba ya usajili peke yake isitoshe kufungua, kwani wengi huijua, na ratiba ya mtu humwambia mgeni mahali alipo kila saa ya juma.

Ukumbi unapobadilika, tuma ujumbe kwa walioathirika tu, na useme kilichobadilika, kutoka nini kwenda nini, na kwa muda gani: "CS 174 ya Alhamisi saa 8 mchana imehamia Yombo 4 kutoka Yombo 2, wiki hii tu." SMS moja inabeba herufi 160 na Kiswahili kinaingia bila shida, ila kuna alama mbili zinazoharibu bajeti bila kuonekana. Alama ya juu ya ng' ikiandikwa kwa mkunjo badala ya mstari ulionyooka, au kistari kirefu kikiwekwa kati ya saa mbili, ujumbe wote hubadilishiwa mfumo na kikomo hushuka hadi herufi 70. SMS moja inakuwa mbili au tatu, mara idadi ya wanafunzi wote wa kozi. Safisha alama hizo kabla ya kutuma. 14:00-16:00 iandikwe kwa kistari kifupi cha kawaida.